Mishipa Mlangoni mwa Kizazi

Katika vasa previa, mishipa ya damu ya mtoto hupita karibu na mlango wa kizazi bila kinga. Chupa ikipasuka, mishipa huweza kuchanika. Damu inayomwagika ni ya mtoto, na yote aliyo nayo ni kikombe kimoja hivi.

Ikigunduliwa mapema kwa ultrasaundi, upasuaji hupangwa wiki ya 34 hadi 36, na karibu watoto wote hupona. Mbona basi Uingereza haipimi kila mjamzito? Kamati ya taifa inayoshauri kuhusu vipimo hivyo inahofia upasuaji wa mapema usio wa lazima. Hofu ya haki, lakini kwangu uhai unazidi. Mama mwenye kondo lililoshuka, au mapacha, hatari yako ni kubwa zaidi: je, umemuuliza mpimaji wako kuhusu mishipa hii?