Matuta ya Matombo: Kampuni, Wafanyakazi Wake na Mji wa Morogoro



Mwezi Julai mwaka 1955, huko Matombo, upande wa mashariki wa milima hii ya Uluguru, wakulima waliukataa msaada. Nasema msaada kwa makusudi, kwa kuwa maofisa wa serikali ya kikoloni waliokuja na mpango wa kuhifadhi udongo waliamini kwamba wanawaokoa Waluguru na mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwepo kweli. Dawa waliyoleta ilikuwa matuta ya ngazi, na kila kaya ilitakiwa kuyachimba, ipende isipende. Mkulima akachimba, udongo wenye rutuba ukafukiwa chini, ule mfu ukaja juu, mahindi yakadumaa. Alipouliza, akatozwa faini. Mwisho watu walikusanyika kupinga, askari wakafyatua risasi, mtu akafa. Mpango ukaachwa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, katika milima hiyohiyo, kata ya Kibungo Juu, wakulima walichimba matuta tena. Safari hii hakuna aliyewashurutisha. Mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango ambao ndani yake DAWASCO, iliyokuwa ikisambaza maji Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza zilikubali kuchangia malipo kwa wakulima wanaotunza vyanzo vya mto Ruvu. Mkulima alichagua mwenyewe afanye nini shambani kwake: matuta, miti, majani ya kuzuia udongo, au kuliacha eneo la kando ya mto lipumzike. Alipimiwa shamba, akalipwa kulingana na eneo na kazi aliyoifanya.

Milima ni ileile, mteremko ni uleule, na kwa sehemu kubwa hata jembe ni lilelile. Nimeweka mambo haya mawili mbele yenu kwa sababu kila ninapoona picha ya wafanyakazi wa kampuni wakiwa na fulana mpya wakipanda miti, au meneja akikabidhi hundi ya mfano yenye ukubwa wa mlango, najiuliza jambo moja: hapa tuko Matombo au tuko Kibungo Juu?

Sina kinyongo na fulana wala na hundi. Nchi yetu imepata mengi kupitia mikono ya kampuni. Benki ya NMB ina utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi kwa ajili ya jamii, na ukienda shule nyingi za nchi hii utayakuta madawati na mabati yake. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaruhusu michango kwa taasisi za hisani na miradi ya maendeleo ya jamii ikatwe kabla ya kodi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2 ya mapato ya biashara. Kwa upande wa madini, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, mwenye leseni anawajibika kuandaa kila mwaka mpango wa kuchangia jamii na kuukubali pamoja na halmashauri. Kiwanda cha nguo au cha tumbaku hapa Morogoro hakibanwi na sharti hilo. Kinachotoa, kinatoa kwa hiari yake. Na hiari hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayodai uangalifu zaidi, kwa sababu hakuna aliye mezani anayeuliza maswali.

Tukumbuke kampeni ya madawati ya mwaka 2016. Ada ilikuwa imefutwa, watoto wakafurika, wengine wakakaa sakafuni. Kampuni kubwa na ndogo zilichangia, na zilichangia vizuri, kwa sababu upungufu ulihesabiwa shule kwa shule kabla ya mbao kukatwa. Mwalimu mkuu alijua anahitaji mangapi. Kilichokosekana ni wa kuyarudia. Dawati la chuma na mbao hulegea misumari, huvunjika bawaba, hupasuka ubao wa juu, na shule ya msingi haina fundi. Kando ya shule hiyo kuna kiwanda chenye karakana, mashine ya kuchomelea na mafundi wanaoweza kurekebisha madawati 40 kwa siku moja. Mwaka unaofuata kampuni hiyo inanunua madawati mapya na kualika waandishi wa habari, huku ya zamani yakirundikwa nyuma ya darasa. Mimi naona huo ni upotevu wa kitu adimu kuliko fedha, nacho ni ujuzi wa mtu anayeishi hapahapa.

Mji huu umewahi kuona kujitolea kwa namna nyingine. Mwaka 1977 serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini eneo la Mazimbu, lililokuwa shamba la mkonge lililochakaa. Hapo kikajengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichopewa jina la kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu Aprili 1979. Walimu, wajenzi, wauguzi na wahandisi walitoka nchi nyingi, wengi wao wakijitolea, wakaungana na wakimbizi wenyewe na mafundi wa Kitanzania. Hawakuja kwa siku moja. Walikaa, wakaugua malaria, wakafundisha kazi kwa kuifanya. Mwaka 1992 ANC ilipoondoka, majengo, hospitali na mashamba yalibaki, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wana-Mazimbu bado wanatibiwa pale. Najua kampuni haiwezi kumwachia mhasibu wake miaka mitatu. Lakini inaweza kumwachia nusu siku kila mwezi kwa miaka mitatu, akakaa na kamati ileile ya maji, akaisaidia kufunga hesabu zake hadi mweka hazina azimudu mwenyewe.

Hapa nataka kusema neno kuhusu mfanyakazi, kwani katika mazungumzo haya yeye husahaulika. Mwanamke anayeshona kiwandani na kupanga chumba Kihonda, hapa mjini, tayari anachangia. Anachangia msiba wa jirani, harusi ya mtoto wa dada yake, ulinzi wa mtaa, chakula cha shule, na hisa za kikoba chake. Jumamosi ndiyo siku yake ya kufua, kwenda sokoni, kumpeleka mtoto kliniki. Kampuni inapotangaza kwamba Jumamosi hiyo wote watakuwa bonde la mto Ngerengere kufanya usafi, na jina la asiyefika linaandikwa, hapo anayetoa si kampuni. Ni yule mama, na picha inapigwa kwa jina la mwingine. Matombo ilianza hivyohivyo, kwa kazi njema iliyoamriwa. Kama kampuni inataka kutoa muda, itoe muda wake: siku ya kazi, yenye ujira kamili, na kwa anayetaka. Kibarua wa msimu naye aulizwe. Tena kabla ya yote, kiwanda kinachochelewesha mishahara au kuelekeza maji machafu mtoni hakina la kutoa kwa mtaa hadi kimemaliza madeni hayo mawili.

Yapo mazingira ambayo maswali yangu yote hayana nafasi. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, hapa Morogoro, na kulipuka, watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Siku kama ile hakuna cha kukaa kikao. Damu ilihitajika, shuka zilihitajika, magari ya kwenda hospitali ya Muhimbili yalihitajika. Mwenye gari atoe gari. Maafa yana adabu yake, na adabu hiyo ni haraka. Kosa letu ni kuichukua haraka ya maafa na kuitumia kwenye mambo yanayodai subira, kama elimu, maji na misitu.

Chukueni miti. Bwawa la Mindu ndilo linalotupa sehemu kubwa ya maji ya mji huu, na mchanga unaoteremka kwenye mito unalijaza. Kwa hiyo kampuni inayopanda miche kwenye bonde la bwawa imechagua jambo la maana. Lakini mche uliopandwa wakati wa masika unaulizwa swali lake la kwanza Julai, mvua inapokuwa imekatika. Unaulizwa la pili Septemba, moto unapopanda mlimani kutoka kwenye shamba linaloandaliwa. Na swali la tatu ni la mwenye shamba: mti huu ukikua, ni wa nani? Kama hakuulizwa kabla ya shimo kuchimbwa, hana sababu ya kuuzima moto. Kibungo Juu walianza na swali hilo la tatu. Kazi haikuwa nyepesi, malipo hayakuwa makubwa, na shaka kuhusu nani ataendelea kulipa wafadhili wakiondoka ilikuwa ya haki kabisa. Hata hivyo, mkulima alijua anafanya nini, kwa ajili ya nani, na anapata nini.

Pendekezo langu kwenu wenye viwanda, mabenki na kampuni za simu ni dogo kwa gharama. Msianze na ofisi ya uhusiano wa umma. Anzeni na mkutano wa mtaa, ule wa kawaida ambao mwenyekiti huuitisha, na mpeleke mfanyakazi wenu anayeishi mtaa huohuo, si mgeni kutoka makao makuu. Asikilize bila kuahidi. Arudi na kile kilichotajwa na watu, hata kama ni choo cha wasichana kisicho na mlango, kitu kisichopendeza kwenye picha. Kisha muwekeane maandishi na serikali ya mtaa: nani analeta nini, kwa miaka mingapi, na nani anakagua baada ya hapo. Fungu la ukarabati litengwe siku ileile fungu la ununuzi linapotengwa.

Nasi wa vyuo tuna deni letu. Tuna wapima ardhi, wataalamu wa misitu, wa udongo, wa hesabu, na wanafunzi wanaotafuta mahali pa kufanyia mafunzo kwa vitendo. Natoa ombi rasmi kwa uongozi wa chuo, mbele ya watendaji wa kata za Mlimani, Mindu, Luhungo na Bigwa: kabla ya masika yajayo, tukae na kampuni zilizo tayari, twende mteremkoni shamba kwa shamba, tuhesabu miche iliyopandwa miaka iliyopita ambayo bado ni hai, na matokeo yasomwe kwenye mikutano ya mitaa husika kabla hayajaandikwa kwenye ripoti ya mtu yeyote.