Uwanja Huanza Chini ya Nyasi



Tarehe 1 Juni 2024 taifa zima lilielekeza macho Kanduyi, ambako sherehe za Madaraka zilifanyika katika uwanja wa Masinde Muliro. Jina hilo ni la pande zote mbili: Muliro alizaliwa upande wa Kimilili, na kwa miaka mingi alikuwa mbunge wa upande wa Kitale. Wengi walisifu majukwaa. Sherehe, hata hivyo, ni ya siku moja, na siku zilizobaki ni za vijana wa mpira na wakimbiaji, tena katika eneo lenye mvua nyingi.

Sehemu muhimu ya uwanja haionekani. Udongo huchimbwa na kusawazishwa, katikati pakiinuliwa kidogo ili maji yasituame. Mabomba yenye matundu hulazwa mitaroni, yakafunikwa kwa kokoto, kisha mchanga, na juu kabisa udongo mwepesi wa kuotesha nyasi. Mkandarasi akiruka hatua hii, anaweza kukabidhi uwanja wa kijani kibichi mwezi wa Januari, na ifikapo Aprili watakaoufurahia ni bata.

Nafasi nayo ina hesabu yake. Uwanja wa mpira wa kimataifa ni mita 105 kwa 68. Njia ya kukimbilia ni mita 400 kwa mzunguko, na kila mstari una upana wa mita 1.22, hivyo mistari 8 hula karibu mita 10 kila upande. Kiwanja cha katikati ya mji kilichobanwa na barabara na maduka hakiwezi kumeza vyote hivyo. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, mwinuko ambao wakimbiaji huutafuta, lakini kijana anayefanya mazoezi kwenye muramu hushangazwa na njia ya mpira siku ya mashindano makubwa.

Baada ya utepe kukatwa huja gharama ambayo haipigwi picha: kukata nyasi, kuzinyunyizia maji wakati wa kiangazi, kuzibua mitaro, kulipia umeme wa taa. Isipotengewa fedha kila mwaka, vyoo ndivyo hufungwa kwanza.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti jukumu la vifaa vya michezo, na Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Basi kikao cha bajeti kikiitishwa katika wadi, nendeni, na msiulize viti tu. Ulizeni maji ya mvua yataelekezwa wapi, na shamba la nani liko huko chini. Ulizeni mwenye kiti cha magurudumu atapita mlango gani. Ulizeni timu ya kijiji itatozwa shilingi ngapi kuingia uwanjani Jumamosi.