Karatasi Moja, Kura Saba

Msikilizaji, tarehe 13 Mei 2022 wananchi wa Nepal walichagua serikali zao za mitaa, nchi nzima kwa siku moja. Vyombo vya habari vya dunia vikatoka na jina moja: Balendra Shah, au Balen kama wanavyomwita vijana wa Kathmandu. Mwanamuziki wa rap, mhandisi wa majengo, umri miaka 32, miwani nyeusi haimtoki usoni. Hakuwa na chama, na alikuwa amevibwaga vyama vikubwa katika mji mkuu.

Habari tamu, sikatai. Balen alipata kura 61,767. Sirjana Singh wa chama cha Nepali Congress, aliyeolewa katika mojawapo ya koo kubwa za siasa za nchi hiyo, aliambulia 38,341. Keshav Sthapit wa chama cha kikomunisti cha UML, ambaye alishakuwa meya wa jiji hilohilo baada ya uchaguzi wa 1997, akapata 38,117. Na kwetu Tanzania, ambako sheria haimruhusu mgombea binafsi hata kuchukua fomu, habari ya mtu asiye na chama kutwaa jiji kuu ina utamu wa ziada.

Ila katika matokeo yaleyale alikuwapo aliyempita Balen kwa kura, na dunia haikumtaja. Sunita Dangol, mgombea wa UML wa unaibu meya, alizoa kura 68,612. Ni mwanamke kijana aliyejulikana kwa kuhangaikia lugha ya Wanewar, wenyeji wa bonde la Kathmandu, pamoja na mwandiko wao wa kale wa Ranjana. Kwa hiyo leo meya tumwache kidogo, tuiangalie karatasi ya kura.

Mpiga kura wa Nepal hapewi kalamu. Anapewa muhuri wenye alama ya swastika, ambayo kwa Wahindu ni ishara ya heri tangu enzi na enzi. Karatasi yenyewe haina majina wala picha za wagombea, ina alama za uchaguzi tu: mti wa Congress, jua la UML, na nyingine chungu nzima. Juu ya karatasi hiyo moja anatakiwa kugonga muhuri mara saba: meya, naibu meya, mwenyekiti wa kata, na wajumbe wanne wa kata. Kati ya wajumbe hao, mmoja lazima awe mwanamke, na mwingine lazima awe mwanamke wa jamii ya Dalit. Akikosea akagonga mara mbili mahali pa kura moja, kura hiyo imeharibika.

Kwa mtu wa chama kazi ni nyepesi, anafuata jua lake au mti wake mpaka mwisho. Aliyemtaka Balen ilimbidi aitafute fimbo ya kutembelea, alama aliyopewa, aigonge kwenye umeya, kisha arudi kwenye jua kumpa Sunita, na kwenye kata yake pengine aumalizie mti. Makumi ya maelfu walifanya hivyo. Walijua wanachokifanya. Meya walimtaka mpya, lakini kata nyingi kati ya 32 za jiji waliziacha mikononi mwa vyama vilevile walivyokuwa wakivilalamikia kwa takataka na vumbi.

Nami nasema hawakukosea, maana ofisi ya kata Nepal si kibanda cha kupigia mihuri. Mtoto akizaliwa, mzee akifa, watu wakioana, wanaandikishwa pale. Kijana anayetaka cheti cha uraia huanza kwa barua ya kata, na bila cheti hicho hapati pasipoti. Anayehamia mtaa mwingine huanzia hapohapo. Ukiwa na shida ya namna hiyo, mtu unayemtafuta ni mwenyekiti anayekujua wewe na baba yako. Rap haikusaidii kitu.

Mwenyekiti wa namna hiyo walishamkosa. Waliochaguliwa 1997 walimaliza muda wao 2002, nchi ikiwa katika vita na waasi wa Kimao, na kwa sehemu kubwa hawakurithiwa na waliochaguliwa. Kwa takriban miaka kumi na mitano mitaa iliendeshwa zaidi na watumishi wa serikali walioletwa kutoka juu. Katiba mpya ilipatikana 2015, na mwaka 2017 ndipo wakachagua tena, kwa awamu tatu, halmashauri 753 zenye kata 6,743.

Sasa njoo kwa yule mjumbe mwanamke wa Dalit. Dalit ni watu ambao mila ya matabaka iliwahesabu kuwa wasiogusika. Sheria ilifuta ubaguzi huo 1963, lakini nyumba nyingi na visima vingi havikusikia. Mwaka 2017 wanawake zaidi ya 6,500 wa jamii hiyo waliingia katika kamati za kata, na hawakuteuliwa na makao makuu ya chama. Walipigiwa kura na kata nzima, wakiwamo majirani ambao jana yake wasingekubali kupokea maji mikononi mwao. Zipo kata ambazo kiti hicho kilibaki wazi kwa kukosa mgombea. Hata hivyo, sisi tuliozoea viti maalum vinavyogawiwa na vyama tungefaa kulitazama jambo hili kwa makini kuliko tulivyoitazama ile miwani nyeusi.

Na naibu meya si pambo. Katiba inamfanya mkuu wa kamati ya usuluhishi ya halmashauri. Sheria imeorodhesha aina 13 za mashauri ambayo kamati hiyo inaweza kuyaamua yenyewe, kama mipaka ya mashamba, mifereji ya maji, ujira usiolipwa, wazee waliotelekezwa na watoto wao, na nyingine 11 ambazo inapatanisha tu. Meya anapokosekana, naibu ndiye anayekaimu.

Balen mwenyewe aliuonja ukweli kwamba meya haliendeshi jiji peke yake. Alianza kwa kishindo, akabomoa majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria, akarusha vikao vya jiji hewani watu wajionee. Akawafukuza pia wachuuzi barabarani, na hapo waliompigia makofi jana wakaanza kuguna. Lakini hakuwa na chama, naibu alikuwa wa UML, wenyeviti wa kata wengi walikuwa wa vyama, na mkurugenzi mtendaji wa jiji huletwa na serikali kuu. Ugomvi wake na watendaji ulizidi kukua, na mwaka 2025 hata bajeti ya jiji ilikwama katika mvutano huo. Septemba mwaka huohuo, maandamano ya vijana yalipoiangusha serikali ya K. P. Sharma Oli, wengi walimtaka yeye aongoze nchi. Mapema 2026 akauacha umeya akagombee ubunge. Kata 32 hazikwenda naye.

Kinachonikera mimi ni hiki. Sheria ya Nepal inasema chama kikisimamisha wagombea wa nafasi zote mbili za juu, mkuu wa halmashauri na naibu wake, mmoja wao lazima awe mwanamke. Mwaka 2017 wanaume walijichukulia umeya, wanawake wakaachiwa unaibu: zaidi ya manaibu tisa kati ya kumi walikuwa wanawake. Si haki kamili, lakini walikuwa ndani. Mwaka 2022 vyama vya muungano uliokuwa madarakani vikagundua mwanya. Chama kimoja kinasimamisha mwanamume kwa umeya, mshirika wake anasimamisha mwanamume kwa unaibu. Kila chama kina mgombea mmoja tu, kwa hiyo hakuna aliyevunja sheria! Manaibu wanawake wakashuka hadi kama robo tatu. Na wanawake waliokwea mpaka nafasi ya juu kabisa walikuwa 25, kati ya halmashauri 753.

Watasema Kathmandu yenyewe muungano huo ulimsimamisha mwanamke kwa umeya, yule Sirjana Singh wa Congress. Kweli, na alishindwa kwa haki. Ila mji mkuu una kamera nyingi, na ujanja huu haukufanyiwa mbele ya kamera. Ulifanyika kwenye halmashauri za milimani na za nyanda za kusini, ambako mwanamke aliyekwisha kuwa naibu kwa miaka mitano na kusikiliza mashauri ya watu alitegemea chama kimpandishe, kikamwambia nafasi amepewa mshirika.

Waliochaguliwa 2022 wana muhula wa miaka mitano. Bunge la Nepal linaweza kuuziba mwanya huu kwa kifungu kimoja: vyama vinavyoachiana nafasi katika halmashauri vihesabiwe kama chama kimoja, na kati ya wagombea wao wawili mmoja awe mwanamke. Kifungu hicho kipite kabla fomu za 2027 hazijaanza kutolewa.