Mamlaka ya Jicho: Kuchagua Vitenzi vya Kiingereza vya Kutazama na Kusimamia

Vitenzi vya Kiingereza vya kutazama na kusimamia hutofautiana kwanza kwa mamlaka: je, anayetazama anaweza kukizuia kile anachokitazama? Swali hilo litangulie mengine yote, kwa sababu Kiswahili huwa na "kusimamia" pale ambapo Kiingereza hudai uchaguzi kati ya vitenzi vitatu au vinne.

"Watch" hakina mamlaka yoyote. Anayetazama mpira hawezi kuusimamisha. Kikiongezwa "over", huingia ulinzi wenye huruma, kama wa mama anayekesha kando ya mtoto mgonjwa. "Look after" ni kutunza hasa, kulisha na kuogesha, ilhali "keep an eye on" ni kutupia jicho mara kwa mara huku mtu akiendelea na shughuli zake.

Uzito wa mamlaka huonekana vizuri zaidi katika uchaguzi wa kisiasa. Kazi ya "observe" ni kuona, kuandika na kutoa ripoti. Tamko la kanuni za uangalizi wa kimataifa wa uchaguzi, lililozinduliwa Umoja wa Mataifa mwaka 2005, linawataka waangalizi wasiingilie mchakato. "Monitor", neno lenye mzizi wa Kilatini wa kuonya, ni kufuatilia jambo kwa muda kwa kulipima: joto la mgonjwa, kina cha mto, matumizi ya bajeti. "Supervise" humfanya mtazamaji awajibike. Azimio namba 435 la Baraza la Usalama la mwaka 1978 lilitaka uchaguzi wa Namibia ufanyike chini ya usimamizi na udhibiti wa Umoja wa Mataifa, na kwa usimamizi lilitumia nomino ya kitenzi hiki. Upigaji kura ulipofanyika Novemba 1989, utawala wa Afrika Kusini ndio uliouendesha, lakini kila hatua ilipaswa kumridhisha Martti Ahtisaari, mwakilishi maalumu wa Umoja huo. Lingeandikwa "observation", angebaki na ripoti tu.

Hata hivyo, kusimamia kwa maana hii si kuendesha. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa tangu 1946 hadi 1961, na Mkataba wa Umoja huo, katika ibara ya 75, unataja utawala na usimamizi kama mambo mawili. Uingereza ilitawala, Baraza la Udhamini lilituma ujumbe wa ukaguzi, likapokea malalamiko, na Machi 1955 likamsikiliza Julius Nyerere huko New York. Gavana wa Tanganyika hakupokea amri za kila siku kutoka kwa baraza hilo.

"Oversee" na "supervise" vimeundwa kwa viungo vilevile, juu na kuona, kimoja kwa Kiingereza cha kale na kingine kwa Kilatini. Matumizi ndiyo yaliyovitenga. Mkurugenzi hufanya la kwanza kwa mradi mzima, akiwa mbali; msimamizi wa zamu hufanya la pili kwa mafundi walio mbele yake. Mtego uko kwenye nomino "oversight", ambayo ni usimamizi na pia ni kosa la kupitiwa. Ripoti ikisema fedha zilipotea kwa "oversight" ya kamati, msomaji atafikiria uzembe. "Overlook" nacho leo ni kupuuza au kuwa mahali panapotazama chini, si kusimamia.

"Surveillance" liliingia Kiingereza kutoka Kifaransa katika zama za Mapinduzi ya Ufaransa, ambako kamati za mwaka 1793 ziliwachunguza wageni na washukiwa. Harufu ya shaka ingali ndani yake, isipokuwa kwa madaktari, ambao hulitumia kwa ufuatiliaji wa magonjwa bila lawama yoyote. Kwa mitihani, Waingereza husema "invigilate" na Wamarekani "proctor".

Mwandishi wa mikataba ndiye anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote. Kumwandikia mhandisi kwamba ata-"monitor" kazi si kumpa uwezo wa kuisimamisha. Anayetakiwa kuwa na uwezo huo aandikiwe "supervise", na mipaka ya uwezo wake itajwe waziwazi katika kifungu hichohicho.