Saa za Safari na Saa za Ukutani

Leo tutafanya hesabu ya safari ya ndege. Twaeni daftari na kalamu.

Tuseme kijana wako anakwenda kusoma Marekani. Ataondoka Nairobi saa sita usiku. Karatasi yake ya safari yasema atafika New York saa moja asubuhi. Nawe wahesabu kwa vidole: toka saa sita mpaka saa moja ni muda wa saa 7. Basi, kunapokucha, saa moja, wampigia simu. Haipatikani. Wapiga tena, kimya. Moyo waanza kukudunda: je, ndege imepatwa na nini?

Haikupatwa na neno. Ingali angani, wala haijafika nusu ya njia. Kosa limo katika hesabu yako.

Sikilizeni vizuri. Dunia huzunguka kuelekea mashariki. Kwa hiyo jua hutuchea sisi kwanza, na watu wa New York, walio mbali magharibi, hulipata baadaye. Katika miezi yao ya baridi, saa zao ziko nyuma ya saa za Nairobi kwa saa 8. Katika miezi ya joto wao husogeza saa zao mbele kidogo, na tofauti huwa saa 7. Karatasi ya safari huandika saa ya kila mji kama ilivyo ukutani mwa mji huo.

Haya, tuandike. Ni mwezi wa Januari, tofauti ni saa 8. Saa moja asubuhi ya New York, ongeza 8, ni saa tisa alasiri ya Nairobi. Toka saa sita usiku mpaka saa tisa alasiri ni muda wa saa ngapi? Naam, ni 15. Hiyo ndiyo safari yenyewe.

Sasa tupime njia. Nairobi mpaka New York ni karibu kilometa 11,800. Nairobi mpaka Mombasa kwa barabara ni karibu 480; basi safari hii ni zaidi ya mara 24 ya hiyo. Gawanya 11,800 kwa 15, utapata kama kilometa 790 kwa kila saa. Zamani msafiri alilazimika kubadili ndege njiani. Ndege ya moja kwa moja kati ya miji hii ilianza Oktoba, mwaka 2018.

Kurudi huwa kwepesi zaidi, kwa kuwa huko juu, upande wa kaskazini, pepo kali huvuma toka magharibi na kuisukuma ndege.

Hili ni zoezi lenu. Mwezi huo huo wa Januari, kijana anaondoka New York Jumatatu saa saba mchana, na ndege yachukua muda wa saa 14. Utampokea Nairobi lini? Kwanza geuza saa ya kuondoka iwe ya Nairobi: ni saa tatu usiku. Kisha ongeza 14. Jibu ni Jumanne, saa tano asubuhi.

Mliokosea, rudieni pole pole. Anayejua hesabu hii hulala usingizi wake, na asubuhi hapigi simu kabla ya wakati.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.