NDIGANA KALI HAISUBIRI KIKAO

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika, chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji)

Kamati imeniomba niyaandike hapa ukutani yale niliyosema, maana wengi mlikuwa shambani. Asiyejua kusoma asomewe na mwenzake.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kabla sijaingia darasa la kisomo cha watu wazima nilikuwa na mtamba mmoja, mimba yake ya kwanza. Akaacha kula, mwili ukachemka, tezi chini ya masikio zikavimba kama embe changa. Nikakimbilia mnadani, mwuza dawa mmoja akanipa chupa. Chupa ina picha ya ng'ombe, nami nikaamini picha. Siku ya nne mtamba alihema kwa shida, akatoa povu puani, akafa. Mwanangu wa shule akaisoma ile chupa: dawa ya minyoo! Jamani, niliona aibu kuliko hasara. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka darasani.

Sasa, mtamba yule aliuawa na nini? Ni ndigana kali. Na kuikosea ndigana si mimi peke yangu. Mwaka 1897 Daktari Robert Koch wa Ujerumani, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu, alikuwa Dar es Salaam. Akatazama damu ya ng'ombe kwa darubini, akaona vijidudu vidogo sana, akadhani ni vya ule ugonjwa wa kukojoa damu. Baadaye, kama mwaka 1901, ng'ombe waliopelekwa kusini kutoka pwani ya Afrika Mashariki walifika na ugonjwa huu, na ng'ombe wa huko wakafa ovyo. Daktari wa mifugo Arnold Theiler, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Pretoria, mtu mwenye mkono mmoja kwa ajali ya mashine, alichunguza damu tena na tena. Mwaka 1904 akaonyesha kuwa hiki ni kijidudu kingine kabisa. Hata leo kinaitwa kwa jina lake, Theileria. Mwenzake Charles Lounsbury akathibitisha kuwa mbebaji ni kupe wa kahawia, huyu anayejaa masikioni.

Basi tujifunze nini sisi wa Kilosa?

Kwanza, kupe huyu akipanda leo haambukizi leo. Vijidudu huchukua siku tatu nne kukomaa kwenye mate yake ndipo viingie kwa ng'ombe. Hapo ndipo tunapoweza kumwahi. Kuogesha kwa ratiba kunamuua mapema. Kuogesha siku ukikumbuka ni kumbembeleza. Afrika Kusini waliogesha bila kuchoka, pamoja na kuzuia ng'ombe wasihamehame, na iliwachukua kama miaka 50 kuumaliza ugonjwa huo. Sisi tumeogesha miezi mitatu, tukagombana.

Pili, dawa ya josho isichanganywe nyepesi ili itoshe wengi. Dawa nyepesi haimwui kupe, inamfundisha kuizoea.

Tatu, tusitibu kwa kukisia. Sisi tumepakana na mbuga ya Mikumi, na mbung'o wapo. Ng'ombe anayekonda polepole, manyoya yamesimama, huenda ana nagana, na dawa yake si ile ya ndigana. Mwite bwana mifugo mapema. Atachukua tone la damu na maji ya tezi, apake kwenye kioo, kitazamwe. Dawa ya ndigana kali ipo, lakini inataka kuwahi. Ng'ombe akishatoa povu, umechelewa.

Nne, chanjo ipo. Ilitengenezwa Muguga, Kenya, miaka ya 1970. Ndama hupewa vijidudu vyenyewe kwa kipimo pamoja na dawa ya kuvituliza siku hiyohiyo, na wafugaji wengi wa Kimaasai wa kaskazini wameitumia. Tumwombe bwana mifugo atupangie. Lakini chanjo hii haizuii nagana wala ndigana baridi, kwa hiyo josho libaki palepale.

Sasa nasema lililo zito. Josho letu limekauka. Wakulima wanasema, "Kupe ni wa wafugaji." Wafugaji wanasema, "Maji ya mfereji yamezuiwa na wakulima." Ndugu zangu, kupe hana kadi ya upande wowote. Anaanguka kwenye majani, anangoja, anapanda maksai wa mkulima sawasawa na ndama wa mfugaji. Ukiogesha wewe na jirani asiogeshe, umemwogeshea yeye hasara.

Jumamosi, saa moja asubuhi, tuje na majembe na ndoo, tusafishe josho. Mfereji utafunguliwa siku hiyo. Wazee wa pande zote wamekubali mbele yangu. Mchango wa dawa utaandikwa hapa ukutani, jina kwa jina, na kila mtu ausome mwenyewe. La kwangu nimeliandika la kwanza.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi