Tarehe ya Safari: Maandalizi ya Misheni Wilayani Pangani
Mada iliyotolewa kwenye semina ya wachungaji, wainjilisti na wazee wa kanisa

Utangulizi

Barua ya mwaliko ilinitaka nieleze maisha ya kila siku ya mchungaji wa misheni na maandalizi ya safari za misheni. Nitayagusa yote mawili. Naomba radhi mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya muda wangu itakwenda kwenye jambo moja ambalo nimelibeba tangu nilipopangiwa kazi ng'ambo ya mto Pangani. Jambo hilo ni tarehe.

Maana ya maneno

Maneno haya sote tunayajua, kwa hiyo napita haraka. Misheni ni kutumwa. Uinjilisti ni kuitangaza Habari Njema kwa neno na kwa tendo. Safari ya misheni, kwa maana ya mada hii, ni kundi la waumini kwenda mahali ambapo kanisa ni changa au halijakuwepo, kwa siku tatu hadi saba, kuhubiri, kutembelea nyumba kwa nyumba, kufundisha, na pengine kupima afya. Mwinjilisti ni yule anayebaki wageni wakishaondoka. Maana hii ya mwisho naomba tuishike, nitairudia.

Historia kwa ufupi

Pwani hii haikuanza kuona wamisionari jana. Mmisionari Krapf alipita Pangani katika safari zake za Usambara za mwaka 1848 na 1852, alipokwenda kumwona Kimweri, mtawala wa Vuga. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikwenda Magila, ndiyo Msalabani ya leo, katika miaka ya 1860. Wamisionari wa Bethel walianza Tanga mwaka 1890, na mwaka uliofuata walikuwa wameshapanda Mlalo. Karibu wote waliteremka chomboni pwani, kisha wakapanda milimani. Pwani ikawa mlango, nyumba ikajengwa juu. Sisemi hivi kwa lawama. Mimi mwenyewe nimelelewa na kanisa la milimani. Nasema kwa sababu mpaka leo mipango mingi ya pwani huandikwa na watu wanaotazama mvua na mahindi, wakati watu wanaoendewa wanatazama mwezi na maji.

Jambo jingine. Mwezi Agosti mwaka 1888 bendera ya kampuni ya Kijerumani ilipopandishwa Pangani, ndipo vita vya Abushiri vilipoanza, na Abushiri mwenyewe alinyongwa hapo hapo Pangani mwezi Desemba 1889. Mgeni anayeingia mji huu kwa kishindo na vipaza sauti anaingia mahali penye kumbukumbu. Aingie taratibu.

Siku ya mchungaji

Adhana ya alfajiri ndiyo saa yangu ya kuamkia. Nasali, nakunywa chai, natoa pikipiki. Siku zenye vipindi vya dini naanzia shuleni. Siku nyingine naanzia kwa mgonjwa, au kwa familia iliyogombana, au kwa mtendaji wa kijiji kufuata mhuri wa barua. Wengi wa waumini wangu ni watoto na wajukuu wa waliokuja kukata mkonge, zao ambalo miche yake ilipandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893. Mjerumani Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapona 62, na katika hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba yote yaliyowaleta babu zetu kutoka mikoa ya mbali. Kanisa la ng'ambo ya mto ni la wageni wa zamani walioota mizizi. Majirani zetu wengi ni Waislamu. Wananiita padri, na siwasahihishi. Msiba ukitokea kwao nakaa mkekani. Ukitokea kwetu, wao huwahi kuchimba kaburi kabla wazee wangu hawajafika.

Mengine mnayajua: kivuko kati ya Bweni na mjini, foleni yake, barabara ya udongo kwenda Mwera, Kipumbwi na Mkwaja, mafuta ya pikipiki yasiyokuwemo kwenye bajeti. Daraja la mita 525 linalojengwa kwenye barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo litatupunguzia adha kubwa, na tunaishukuru Serikali. Lakini daraja halitabadili usiku ambao dagaa huvuliwa, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Tarehe

Mwaka mmoja tulipokea kundi kubwa la wageni. Usharika siutaji, kwa kuwa walitupenda na walijitolea kweli. Tarehe waliipanga wao, kufuata likizo ya shule na nafasi ya basi. Kila kitu kilikuwa tayari: barua kwa mtendaji wa kijiji na wa kata, polisi wameshaarifiwa, jenereta, vipaza sauti, maturubai, magunia ya mchele na maharage, vyandarua. Kwaya ilikuwa imefanya mazoezi miezi mitatu. Tukafunga jukwaa karibu na diko, tukawasha taa saa kumi na mbili jioni.

Walikuja watoto, wazee wachache, na mama mmoja mwenye mgonjwa. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Mhubiri alihubiri kwa machozi. Walipoondoka, taarifa iliandikwa kwamba wenyeji wa pale wana mioyo migumu.

Niliisoma sentensi ile nikashindwa kulala. Watu wale hawakuikataa Injili. Hawakuwepo. Ilikuwa giza, na wavuvi wa dagaa hufanya kazi gizani. Taa ya chombo huwavuta dagaa pale tu usiku unapokuwa mweusi; mwezi ukiwa mkubwa, nuru ya taa hupotea ndani ya nuru ya mwezi, na nyavu hurudi tupu. Kwa hiyo kijijini usiku umegawanyika mara mbili. Giza ni kazi: wanaume hushuka pwani jioni na kurudi alfajiri, na asubuhi wanawake wanachemsha na kuanika dagaa mchangani. Mbalamwezi ni mapumziko: nyavu hushonwa, watu hutembeleana, harusi hufanyika, baba hulala nyumbani. Sisi tulikwenda kuwatafuta wanaume wa kijiji katika usiku ambao kila mmoja wao alikuwa baharini akiwatafutia watoto chakula. Kisha tukaandika kwamba wao ndio wagumu.

Mwinjilisti wetu wa pale alilijua hilo. Hakuulizwa. Barua ilimfikia tarehe ikiwa imeshachapwa kwenye fulana za wageni. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, na katika vikao vya kupanga safari mwinjilisti wa kijijini ndiye asiyekuwepo. Nimelisema hili kwenye taarifa zangu za mwaka zaidi ya mara moja, na nimejibiwa kwa upole kwamba limepokelewa.

Kuna la bamvua pia. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana; ndiyo bamvua. Tofauti ya kujaa na kupwa kwenye mwambao wetu hupita mita 3. Siku hizo maji hutoka kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na ndizo saa za kina mama kwenda miambani kutafuta pweza na chaza, au kuhudumia mwani kwa wanaolima mwani. Saa hizo hizo ratiba zetu zimeandika: "Semina ya akina mama, saa nne kamili." Mama aliyekaa semina siku ya bamvua amekosa mboga na fedha ya siku ile, na bamvua inayofuata iko wiki mbili mbele. Anayekuja anakuja kwa kujinyima. Asiyekuja tunamwita mvivu wa mambo ya kiroho. Ndugu zangu, hilo ni kosa mbele za Mungu.

Sasa mtaona ugumu. Mbalamwezi huwaleta wanaume nyumbani usiku, lakini bamvua ya mwezi mpevu huwatoa wanawake asubuhi. Jibu nilijifunza kwa mzee mmoja nahodha, naye ni Mwislamu: njooni kati ya siku ya kumi na mbili na ya kumi na saba ya mwezi mwandamo, asubuhi tembeleeni watu kule kule walipo, mikutano muiweke alasiri. Baada ya siku ya kumi na saba, alisema, mwezi huchelewa kuchomoza, na wavuvi hurudi kulivizia giza la mwanzo wa usiku. Tukajaribu. Sikuhesabu vichwa, kwa sababu sipendi hesabu za namna hiyo, lakini wanaume walikaa kwenye mikeka mpaka tulipomaliza, na wakauliza maswali.

Ramadhani sitaisemea sana, maana ni aibu kwamba bado inahitaji kusemewa. Kila mwaka hurudi nyuma siku 10 au 11, kwa hiyo kusema "mwaka jana tulikwenda Machi hakukuwa na shida" si kigezo. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu ilikuwa 5 Machi, na Ramadhani ilikuwa imeanza siku chache tu kabla. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ni 18 Februari, na mifungo miwili inaanza karibu siku moja. Kufunga pamoja na jirani ni nafasi ya ajabu. Kumpikia pilau mchana mbele ya mlango wake, huku jenereta linanguruma, ni kumfukuza.

Wiki zinazofuata Pasaka, tunazozipenda kwa safari, huangukia masika, na gari la wageni linaweza kulala njiani. Kwenye mashamba ya mkonge kalenda ni ya mshahara. Kwa wafugaji wa upande wa Mkalamo ni siku ya mnada. Hayo nayataja tu.

Nimewahi kuambiwa kwamba kuifuata kalenda ya mwezi ni kuwafuata Waislamu. Kwa heshima zote, Pasaka yetu tunaihesabuje? Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kuanzia 21 Machi. Kanisa limepanga sikukuu yake kubwa kuliko zote kwa mwezi tangu karne za mwanzo. Tunachoombwa ni kuinua macho tena kuutazama.

Fedha

Kwa kifupi. Bajeti nyingi nilizoziona zinaishia siku basi linapoondoka. Usafiri na vyombo vya sauti hula sehemu kubwa, na mstari wa ufuatiliaji huachwa wazi. Mwinjilisti anaachiwa majina kwenye daftari na hana nauli ya kuwafuata wenye majina hayo.

Mapendekezo

Naomba Idara ya Misheni ielekeze kwamba tarehe ya safari yoyote ya pwani isipangwe kabla mwinjilisti wa kituo hajaulizwa kwa maandishi, na jibu lake liambatishwe kwenye maombi. Asiposaini, safari isiendelee. Fomu ya maombi iwe na nafasi ya tarehe ya mwezi mwandamo pembeni ya tarehe ya kawaida. Ni mstari mmoja tu kwenye karatasi. Vijiji vya wavuvi viendewe mbalamwezi. Nimeshalisema, na nalirudia kwa sababu ndilo litakalosahaulika kwanza.

Semina za kina mama zihamishiwe alasiri siku za bamvua. Vipaza sauti vizimwe wakati wa adhana, na mchana wa Ijumaa visiwashwe kabisa. Wilaya nyingine zina kamati za amani za viongozi wa dini, nazo zipewe taarifa mapema, zisisubiri malalamiko. Ramadhani safari za mikutano ya hadhara zisimame, na wakati huo utumike kutembelea wagonjwa na kufundisha wainjilisti. Mwezi Aprili na Mei tusipeleke mabasi ng'ambo ya mto.

Sharika zinazotuma wageni ziombwe kutenga, katika bajeti ile ile, nauli na posho ya mwinjilisti kwa miezi 3 baada ya safari. Kama fedha hazitoshi, wageni wapungue, jukwaa liwe dogo, fulana zisichapwe. Afadhali watu 8 wanaorudi mara tatu kuliko basi zima linalokuja mara moja. Wageni wa nje ya nchi wapewe maelezo haya wakiwa kwao, kabla hawajakata tiketi, kwa sababu tiketi ikishakatwa tarehe haibadiliki tena, na mwenyeji huona haya kuwakatalia.

Taarifa za safari zisihukumu mioyo ya wenyeji. Ziandike nani alikuwepo, nani hakuwepo, na asiyekuwepo alikuwa wapi. Mtu asipojua hilo la mwisho, amwulize mwinjilisti. Na mwinjilisti aalikwe kwenye kikao cha kupanga, alipiwe nauli ya kivuko na basi, apewe kiti.

Nimekuja na nakala ishirini za kalenda ya miezi sita ijayo, yenye mwezi, bamvua, mishahara ya mashamba na siku za mnada, niliyoiandika kwa mkono pamoja na yule mzee nahodha. Ziko kwenye meza ya karibu na mlango. Naomba kila mkuu wa jimbo achukue moja kabla hatujakwenda kula.